Meneja Hakuchanjwa

Mbwa alimng'ata Kitinda asubuhi, mbele ya watu wazima wenye macho yao, na hakuna aliyejua kimetokea nini mpaka mtoto alipopiga kelele.

Yadi ya mikokoteni ilikuwa nyuma ya soko, uwanja wa udongo uliokandamizwa na magurudumu mpaka ukawa mgumu kama sakafu. Wasukuma mikokoteni walikuwa katika pilikapilika za kuanza kazi. Wengine walipaka grisi kwenye ekseli, wengine waligombania kamba. Kitinda, binti wa mwisho wa Breki, alikuwa amemletea baba yake chakula kwenye bakuli la kifuniko, kama alivyozoea kabla ya kwenda shule. Alipompita mbwa akanyoosha mkono amguse kichwani, na hilo nalo alilizoea. Mbwa akaudaka ule mkono.

"Baba!"

Breki alipewa jina hilo kwa sababu mkokoteni wake haukuwa na breki. Breki ilikuwa yeye mwenyewe: ukiteremka na magunia ya viazi, visigino vyake ndivyo vilivyousimamisha. Asubuhi hiyo yeye hakusimamishwa na kitu. Aliruka mikokoteni ya watu, akampiga mbwa teke la mbavu, akamnyakua mtoto. Juu kidogo ya kiganja palikuwa na matundu ya meno, na damu ilikuwa inashuka hadi kwenye vidole.

"Meneja kamng'ata mtoto?" Kijiko, msukuma mwenzake, alisema, kama mtu aliyeambiwa kwamba godoro lake limemng'ata.

Meneja ndilo lilikuwa jina la mbwa. Walimwita hivyo kwa kuwa alishinda kivulini akiwatazama wenzake wakitoka jasho, na mwisho wa siku akala kuliko wote. Lakini giza likiingia hakuna mwizi aliyethubutu kugusa hata gurudumu. Alikuwa mbwa wa wote. Alikula makombo ya wote, akaramba mikono ya wote.

"Leteni grisi," Breki alisema.

Grisi ndiyo ilikuwa dawa ya yadi. Kamba ikikuchubua, grisi. Kucha ikipondwa na gurudumu, grisi. Hata Kijiko, msimu wa mvua ulipokuwa unaishia, mbwa koko alipoingia yadi kupigana na Meneja na yeye akajitia mwamuzi, aliponyofolewa shavu alipaka grisi, akafunga kitambaa, akasukuma mzigo mpaka jioni. Kisa hicho walikuwa bado wanakichekea. Walisema yule mbwa koko alidhani ameona mfupa, maana Kijiko alikuwa mrefu, mkavu, hana nyama ya kusingiziwa, ingawa alikula kama mashine ya kusaga. Alitembea na kijiko kwenye mfuko wa shati ili chakula kisije kumkuta hana silaha.

Basi wakampaka mtoto grisi, wakamfunga kipande cha gunia. Mama yake alipofika kutoka kibandani kwake alikouza nyanya, alikifungua kile kipande, akatazama, akamgeukia mumewe.

"Grisi ni ya gurudumu. Mwanangu ni gurudumu?"

"Ni kidonda kidogo, mama Kitinda."

"Kidogo kwako wewe mwenye ngozi ya kifaru. Twende zahanati."

Zahanati haikuwa mbali. Nesi alikuwa mwanamke mfupi, mnene, asiyependa maneno mengi. Alipoiona grisi alisonya. Alimsimamisha mtoto kwenye bomba, akausugua mkono kwa sabuni, maji yakitiririka, akasugua tena, na tena, muda mrefu mpaka Kitinda akachoka kulia akabaki na kwikwi tu. Huku anasugua, nesi akauliza bila kuinua kichwa.

"Mbwa ni wa nani?"

"Wa yadi. Wetu sote," Breki akajibu.

"Amechanjwa?"

Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Maana miezi michache nyuma gari la matangazo lilipita sokoni, kipaza sauti juu, likisema mbwa wote wapelekwe uwanjani wachanjwe, chanjo ni bure, na atakayeficha mbwa atapigwa faini na eneo lake litafungwa. Breki na wenzake waliposikia neno bure walitazamana. Zamani kidogo watu wa manispaa walikuja na maneno matamu vilevile, kumbe wamebeba nyama ya sumu. Mbwa aliyekuwapo kabla ya Meneja alikufa akijinyonganyonga mbele yao. Hawakusahau. Kwa hiyo watu wa chanjo walipoingia yadi, Meneja alikuwa amelazwa ndani ya mkokoteni wa Breki, kafunikwa magunia matupu, na Breki mwenyewe amekaa juu yake, anachokonoa meno kwa njiti. Nesi huyuhuyu alikuwa nao, na daftari mkononi. Aliuliza, "Hapa hamna mbwa?" Breki akamjibu, "Mbwa ndio sisi, dada, tunavyofanyishwa kazi." Watu wakaangua kicheko. Hata nesi alitabasamu. Meneja chini ya magunia akatulia tuli, kama aliyeambiwa.

Mzaha mzaha, hutumbuka usaha.

Sasa nesi alikuwa anangoja jibu. Breki aliwaza faini. Aliwaza yadi ikifungwa mnyororo na wenzake wote wamesimama nje wanamtazama yeye. Akawaza pia, na hili ndilo lililompa nguvu, kwamba Meneja alikuwa mzima, labda alikanyagwa mkia tu.

"Ndiyo," alisema. "Amechanjwa."

"Wapi? Kwenye yadi yenu sikuona mbwa."

"Alikuwa kwa shemeji yangu siku ile. Alichanjiwa hukohuko."

Mkewe alimtazama, kisha akamtazama mtoto. Hakuwa na habari za magunia.

Nesi alifunga bomba. "Afadhali kusikia hivyo. Sindano zilizobaki kwenye friji ni za kuhesabu, na nazitunza kwa walioumwa na mbwa asiyejulikana. Mfungeni huyo mbwa, msimuue. Mmtazame. Akibadilika hata kidogo, mje mbio, msisubiri kesho." Akamkausha mtoto mkono kwa upole ambao haukufanana na uso wake. "Sikiliza, kaka. Kichaa cha mbwa kinazuilika kabla dalili hazijaanza. Zikishaanza, hakuna daktari. Mtu anashikwa na kiu, anapewa maji, na akiyaona tu koo linajifunga. Anakufa na kiu kikombe kikiwa mkononi."

"Mungu apishe mbali," mkewe akasema.

Breki akacheka kicheko kikavu, cha mtu aliyemeza mfupa halafu akaulizwa habari za asubuhi.

Tangu hapo hofu ikahamia nyumbani kwake kama mpangaji. Chumba chao kilikuwa kimoja, pazia katikati, ndoo ya maji mlangoni. Kila Kitinda alipochota maji, Breki aliacha alichokuwa akifanya. Mtoto akinywa, yeye anameza mate. Mtoto akipaliwa, yeye anasimama.

"Baba, mbona unaniangalia?"

"Nakuangalia ulivyo mzuri."

"Jana hukuniangalia hivyo."

Mkewe alisikia, akakunja uso, akaendelea kupanga nyanya zilizobaki.

Kule yadi walimfunga Meneja kwenye nguzo ya banda. Breki alipofika alfajiri iliyofuata alimkuta amekaa tu, macho yamemtoka, anatazama mahali ambapo hapakuwa na kitu. Mfupa aliotupiwa jana ulikuwa palepale. Lakini nguzo ilikuwa imetafunwa. Vipande vya mbao vilikuwa vimechanganyika na damu ya fizi. Taya la chini lilining'inia, ute ukivuta uzi mrefu hadi ardhini. Alipobweka, sauti haikuwa yake. Ilikuwa ya kukwaruza, kama mlango wa bati.

"Mfupa umemkwama," alisema Bwana Mizani.

Huyu alikuwa mpimaji wa mizani kubwa ya soko, na tena ndiye mtunza sanduku la chama chao cha kuzikana. Mtu wa shati jeupe na kalamu sikioni. Hakuwa akisukuma chochote, lakini hakuna mzigo uliotembea bila neno lake.

"Usimguse, Bwana Mizani," Breki akasema.

"Wewe utanifundisha mbwa? Nimefuga mbwa wewe bado unatembea bila suruali."

Na kabla mtu hajamshika, alikunja mkono wa shati, akalibana taya la mbwa, akautumbukiza mkono kooni hadi karibu na kiwiko. Akapapasa. Akautoa umelowa ute. Hakukuwa na mfupa. Kwenye vifundo vya vidole vyake palikuwa na michubuko, meno yalipopita. Akajifuta kwenye gunia, akasema labda umeshashuka tumboni.

Breki alitazama ile michubuko. Sasa alijua. Alijua kama mtu anavyojua mkokoteni umemshinda nguvu, kabla haujaanza kukimbia. Lakini kujua ni kitu kimoja, na kwenda kumwambia nesi "nilikudanganya" ni kitu kingine. Akajiambia atasukuma mzigo mmoja kwanza. Akasukuma mmoja. Akasukuma na wa pili. Aliporudi yadi mchana, mbwa alikuwa amelala ubavu, miguu imekakamaa, nzi kwenye ulimi. Kamba ilikuwa bado shingoni.

Hakurudisha hata mkokoteni mahali pake. Alikimbia. Alimtoa Kitinda darasani mbele ya mwalimu, bila salamu, akampitia mama yake kibandani, wakaingia zahanati watu watatu wanahema.

"Mbwa amekufa," Breki alimwambia nesi. "Na hakuchanjwa. Nilikudanganya. Siku ile mlipokuja alikuwa chini ya magunia. Nilikuwa nimemkalia."

Mama Kitinda hakungoja nesi ajibu. Alimpiga mumewe kofi moja la mgongo, zito, la kiganja kizima, halafu akakaa kwenye benchi na kumpakata mtoto kama mtoto mchanga, ingawa miguu ya mtoto ilifika chini.

"Kwa nini, baba Kitinda?"

"Niliogopa faini."

"Faini," mkewe alirudia. "Faini!"

Nesi alifungua friji, akaonyesha. Rafu ilikuwa tupu. "Za mwisho nimezimaliza leo asubuhi. Familia nzima imeumwa na mbwa huko bondeni. Ungekuja alfajiri..." Hakumalizia. "Sasa ni hospitali kubwa. Leo hii, si kesho. Atadungwa ya bega, na ya pili wataichoma palepale kwenye kidonda, halafu atarudi mara kadhaa kumaliza. Zile za kidonda ni ghali. Mna bima ya afya?"

Hawakuwa nayo. Watu wa bima walikuja yadi mwaka jana, wakaeleza mpaka mate yakawakauka. Breki aliwaambia yeye haumwi, na kama mtu haumwi anamlipia nani? Lakini mchango wa chama cha kuzikana hakuwahi kuukosa hata wiki moja. Hakuna mwanaume pale yadi aliyewahi kuukosa. Sanda ilikuwa na uhakika, jeneza lilikuwa na uhakika, gari la kubebea maiti, turubai, viti vya wafiwa. Kila mtu alikuwa ameshajiandalia kufa. Hakuna aliyejiandalia kuumwa.

"Na kitu kingine," nesi alisema. "Yeyote aliyeguswa na mate ya yule mbwa kwenye kidonda, au aliyeng'atwa, au aliyekwaruzwa, aende. Waambie. Waambie ukweli, usiwaambie hadithi."

Mama alibaki na mtoto pale zahanati, tayari kwa safari. Breki akarudi yadi mbio kutafuta hela.

Aliwakuta wamekusanyika, maana mbwa aliyekufa hukusanya watu. Kijiko peke yake hakuwa amesimama nao. Alikuwa amekaa kwenye ukuta wa banda, amejifunika koti zito katika jua lile, kichwa kati ya magoti. Siku mbili hizo hakufanya kazi. Alisema ana homa, na kwamba shavu linamwasha na kumchoma palepale kwenye kovu.

"Jamani," Breki alisema, "mtoto wangu anahitaji sindano leo. Mbwa huyu alikuwa na kichaa. Naomba mfungue sanduku."

Bwana Mizani alitikisa kichwa taratibu, kama anayesikitika. "Breki, ndugu yangu, mtoto wako ni mtoto wetu. Lakini sanduku ni la msiba. Tulikubaliana wote, tukala na yamini. Mtoto amefariki?"

"Hajafariki."

"Basi tumshukuru Mungu. Msiba haujatokea."

"Kwa hiyo akifa mtatoa jeneza?"

"Jeneza, sanda na gari. Ni haki yako, hakuna wa kukunyima."

"Na akiwa hai?"

"Akiwa hai, katiba haimjui."

Mtu mmoja alicheka bila kukusudia, akaziba mdomo. Breki akamsogelea Bwana Mizani. "Basi niwaletee maiti, nichukue hela, nikanunulie maiti sindano? Hiyo ndiyo akili yenu?"

"Si akili yangu, ni kanuni. Tukifungua kwa mbwa, kesho tutafungua kwa malaria, keshokutwa kwa jino. Siku ukifa wewe tutakuzika na nini? Na majani?"

"Hata bila majani!" Breki alipaza sauti. "Mnitupe shimoni! Nawaomba hela za mtoto wangu aliye hai!"

Wachache walinung'unika kwamba anasema kweli. Wengine walitazama chini. Mmoja akasema tuchangechange, mwingine akasema leo hakuna biashara. Maneno yakaanza kuzunguka kama mkokoteni wenye gurudumu moja. Na kila walipozunguka, Breki alimwona Kitinda kwenye benchi la zahanati, saa zinakwenda, na ile sumu isiyoonekana inapanda mkono polepole kuelekea kichwani.

"Kijiko, wewe sema," mtu mmoja akaita. "Wewe ndiye uliyepigana na mbwa ukashinda."

Kicheko kidogo. Kijiko aliinua uso. Midomo ilikuwa imepasuka na macho yalikuwa mekundu, yanacheza huku na huku. Alifungua kinywa kujibu, sauti ikatoka nusu.

"Mpeni maji, koo limekauka," Bwana Mizani alisema.

Wakampa kikombe cha plastiki. Kijiko alikipokea kwa mikono miwili, kwa hamu, kama mtu aliyevuka jangwa. Akakisogeza. Kabla hakijagusa mdomo, shingo yake ikakakamaa. Mishipa ikasimama kama kamba zilizovutwa. Kichwa kikaruka nyuma, kikagonga ukuta, na kooni kukatoka mlio ambao hakuna aliyewahi kuusikia kwa binadamu. Maji yakamwagika kifuani. Yalipomgusa tu alitetemeka mwili mzima, akayafuta kwa kucha kana kwamba yanaunguza.

Kikombe kikabingirika mpaka kwenye magurudumu ya mkokoteni.

"Ni tonsili," Kijiko alisema, anahema. "Tangu jana. Ni tonsili tu, jamani. Mbona mnarudi nyuma?"

Walikuwa wanarudi nyuma kweli, mguu mmoja mmoja, bila kujijua. Breki alikumbuka maneno ya nesi moja baada ya jingine. Yule mbwa koko wa msimu wa mvua ndiye aliyewaletea. Alimng'ata Meneja, akamng'ata Kijiko, na wao wakacheka, wakapaka grisi.

"Nesi aliniambia," Breki alisema, na sauti yake haikufika mbali, lakini kila mtu alisikia. "Ndivyo inavyokuwa. Mtu anaogopa maji. Aliniambia pia aliyeshika mate ya mbwa akiwa na mchubuko, naye yumo."

Watu walianza kutazama mikono yao. Ni mikono gani ya msukuma mkokoteni isiyo na mchubuko? Waliigeuza kiganja na mgongo, wakitafuta. Bwana Mizani alikuwa ameinua mkono wake wa kulia mbele ya macho, ule ulioingia kooni kwa mbwa. Kalamu ilianguka kutoka sikioni, hakuiokota.

Aliingia ndani ya banda. Wakasikia kufuli. Akatoka na sanduku zima, akamkabidhi Breki bila kulifungua.

"Twende," alisema. "Tuchukue gari. Wote twende."

Tusidanganyane. Huruma haikufungua sanduku lile. Woga ndio uliolifungua. Lakini sindano haiulizi nani amelipia na kwa moyo gani.

Waliwapitia Kitinda na mama yake zahanati, na hospitali kubwa ikawapokea wote, Kijiko akiwamo, jua likiwa limeanza kulegea. Kitinda aliingia wa kwanza. Walimdunga begani, kisha wakachoma sindano pembeni ya kila tundu la jino, na mtoto alilia kwa sauti ambayo Breki aliishukuru, kwa kuwa ilikuwa sauti ya mtu mwenye koo lililo wazi. Daktari, kijana mwenye miwani, alisema wamewahi vya kutosha, kwamba akimaliza sindano zote matumaini ni makubwa. Breki akamwuliza makubwa kiasi gani. Daktari akasema makubwa. Breki akauliza tena.

"Baba, mrudishe siku nitakazokupangia. Usiruke hata moja. Hapo ndipo penye kazi yako."

Baada ya mtoto walifuata wanaume, foleni ya mabega mapana, wamevua mashati, wanaogopa sindano kuliko magunia. Bwana Mizani alikuwa wa pili. Alifumba macho.

Kijiko hakuwa kwenye foleni. Walimpeleka mwisho wa varanda, chumba kilichozibwa madirisha kwa mapazia mazito, mbali na kelele na upepo. Muuguzi mwanaume alitoka akasema mgonjwa anamtaka mtu anayeitwa Breki, aingie taratibu, asiwashe taa.

Breki alisimama mlangoni. Ndani palikuwa na mwangaza hafifu wa pembeni ya pazia. Kijiko alikuwa amelazwa, mikono imefungwa kwa bandeji kwenye kitanda, lakini wakati huo alikuwa ametulia, akili yake imerudi, na hilo ndilo lililomtisha Breki zaidi.

"Mtoto?" Kijiko aliuliza.

"Amedungwa."

"Vizuri. Na wale?"

"Wanadungwa."

"Nawasikia wanavyolia. Wanaume wazima." Alijaribu kutabasamu. "Sasa Breki, nimewauliza hawa, wananizungusha. Mimi zamu yangu ya sindano lini?"

Breki alishika fremu ya mlango. Alikuwa na maneno tayari, mepesi: kesho, bado wanaandaa, yako ni ya peke yake. Ulimi ulishayabeba.

"Zamu yako imepita, ndugu yangu," alisema. "Ilikuwa siku ile ya mbwa koko. Tulikupaka grisi."

Kijiko alitazama dari. Koo lilicheza, akalisubiri litulie.

"Nilijua," alisema. "Nilitaka tu mtu mmoja aniambie." Kisha akageuza kichwa kwa ghafla. "Breki. Mimi na mke wangu na watoto tunakula sahani moja. Yule mdogo nilimtafunia muwa juzi, nikampa kutoka kinywani. Ana vidonda mdomoni. Nenda. Usikae hapa kunitazama, nenda!"

Breki alitoka. Alipita foleni ya mabega, akampita mkewe aliyekuwa amekaa na Kitinda amelala mapajani, akamwambia kwa kifupi anakokwenda. Mkewe alimwambia, "Kimbia." Hilo lilikuwa neno lake la kwanza kwake tangu zahanati.

Nyumba ya Kijiko ilikuwa chumba cha mwisho kwenye safu ya vyumba vya kupanga. Mkewe alikuwa nje, anafua, povu hadi viwiko. Watoto walikuwa wanacheza karibu na karo, na yule mdogo kabisa alimkimbilia Breki, akamshika suruali, akacheka na midomo yake yenye vidonda.

"Shemeji," mwanamke alisema, akifuta mikono kwenye khanga. "Mbona peke yako? Rafiki yako homa imeshuka?"

"Vaa viatu, shemeji. Chukua watoto wote, tunakwenda hospitali sasa hivi. Nitakueleza njiani."

Breki aliona jinsi uso wa mwanamke ulivyoanza kubadilika, na jinsi alivyokuwa bado anashikilia lile neno njiani, kama mtu anayeshika ukingo. Akambeba yule mtoto mdogo. Alikuwa wa moto, wa jua tu, au wa kitu kingine, hakujua.

"Hapana," alisema. "Nitakueleza hapahapa. Kaa kwanza."

Mwanamke hakukaa.